Gunia la Rangi Mbili

Farasi wa tatu alikata roho wakati Inspekta Wenceslas Namegabe anateremka kwenye pikipiki yake. Alimsikia kabla ya kumwona: mkoromo mzito, kisha kwato zikigonga mbao, kisha kimya. Alipofika mlangoni mwa banda, mnyama alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma, povu limemganda puani. Pembeni yake alilala wa pili, miguu imekakamaa, na yule wa kwanza alikuwa ameburutwa nje nyuma ya ua tangu asubuhi.

Mwenye farasi, Muzee Anastase Niyitegeka, alisimama juu ya mzoga akiwa na fimbo yake ndefu ya ufugaji. Hakugeuka kumwangalia mgeni.

"Umechelewa, Inspekta. Walikuwa wane. Amebaki mumoja. Lakini mwenye kuniulia nimeisha kumukamata mimi mwenyewe. Sikungoja serikali."

"Serikali gani, Muzee?" Namegabe aliuliza.

Anastase hakucheka. Mwaka ule mji wa Goma ulikuwa mikononi mwa waasi, na volkano ilikuwa imepita katikati yake mwezi wa kwanza, ikaacha mawe meusi palipokuwa na maduka na nyumba za watu. Aliyekuwa na bunduki ndiye aliyekuwa serikali. Na bunduki ya pale nyumbani kwa mzee, Lac Vert, ilikuwa magotini mwa Luteni Théogène, mtoto wa mdogo wake Anastase, aliyekuja na lori kutoka kambi ya Katindo. Alikuwa ameketi kando ya tangi la maji. Mbele yake, chini, alikaa kijana aliyefungwa kamba mikono nyuma hadi viwiko vikakutana. Huyo alikuwa Chance, mtunza farasi.

"Jua likishuka," Anastase alisema, "Théogène atamupeleka kutembea kule juu ya mawe ya volkano. Nimekuita ili kesho mutu asiseme kama sikuita polisi. Andika yako, uende."

Namegabe alikuwa na kalamu, kitambulisho cha polisi, na mafuta ya kumrudisha mjini. Hakubishana. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kando ya farasi.

"Nionyeshe sumu," alisema.

Anastase alitoa mfukoni kikaratasi cha dawa ya panya. "Tuliikuta chini ya kitanda chake."

Namegabe alikinusa, akakigeuza. Kilikuwa kimefunguliwa pembe moja tu. Tangu volkano, panya walikuwa wamehamia kila nyumba iliyobaki wima, na dawa hiyo iliuzwa kila kona. Aliirudisha mikononi mwa mzee, akatoka kuelekea nyuma ya ua.

Mzoga wa kwanza ulikuwa umeshachanwa. Mbwa wa jirani walikuwa wamelala kuuzunguka kwenye jua, matumbo yameshiba, ndimi nje. Mmoja aliinua kichwa, akapiga miayo, akakilaza tena. Inspekta aliwatazama kitambo, akawarushia vijiwe, kimoja kimoja. Wote waliinuka, wakasogea kwa uvivu, wakalala upya.

"Wamekula tangu lini?" alimwuliza Luteni aliyekuwa amemfuata.

"Tangu asubuhi. Walianzia na matumbo."

"Na hakuna hata mumoja mwenye kutapika." Namegabe alipangusa mikono. "Luteni, dawa ya kuangusha farasi ingeacha mbwa wale wakilala vile?"

Théogène aliwaangalia mbwa, kisha akamwangalia kijana aliyefungwa. Aliporudi kwenye tangi hakuiweka tena bunduki magotini. Aliiegemeza ukutani.

Daktari wa mifugo, Henri Baharanyi, alifika akiwa na mfuko wake wa vyuma. Yeye ndiye aliyewatibu farasi wale tangu walipokuwa Masisi, kabla vita havijamaliza ng'ombe wa Anastase. Namegabe alimwomba apasue tumbo la yule aliyekufa sasa hivi. Anastase alipinga: farasi wake hakuwa mbuzi wa buchani. Inspekta alimwambia kwa upole kwamba mzee akikataa, ataandika hivyo hivyo, kuwa mwenye mali alikataa chanzo cha kifo kijulikane. Anastase alitema mate, akasogea pembeni.

Kisu kilipopita, harufu kali ya uchachu ilijaza banda. Daktari alichota kwa mikono miwili, akamwaga kwenye beseni. Beseni likajaa mahindi, punje nyingi nzima nzima, zimevimba kwa maji. Akalimwaga, akachota tena, likajaa.

"Hakuna sumu hapa," alisema Henri. "Ameshiba mpaka akafa. Farasi hawezi kutapika, Inspekta. Kikiingia, kimeingia. Mahindi mengi kwa tumbo lisiloyazoea yanachacha, yanavimba, basi."

"Kwani walikuwa hawayazoei?"

"Ndiyo kwanza tulikuwa tunawaanzisha. Zamani walikula majani, na mutama na pumba za ngano. Volkano ikamwaga majivu juu ya majani. Halafu barabara ya Rutshuru ikafungwa na vita, mutama haushuki tena. Nikamwambia Muzee tubadilishe, tuwape mahindi, lakini pole pole: kopo moja la mahindi ndani ya makopo mane ya chakula cha zamani, na kuongeza kidogo kila wiki. Nilieleza vizuri kabisa. Nilisema ukiwajazia mara moja, umewaua."

"Ulieleza mbele ya nani?"

"Hapo sebuleni. Muzee alikuwepo, na Chance. Tulikuwa tunakunywa chai, mpishi anatumiminia."

Namegabe alikwenda kuchuchumaa mbele ya Chance. Midomo ya kijana ilikuwa imepasuka, na jicho moja halikufunguka.

"Uliwapa ngapi jana?"

"Kopo moja ndani ya mane, Inspekta. Kama vile daktari alisema. Asubuhi mapema, mbele ya misa. Kisha nikaenda kanisani, naimba kwaya. Niliporudi nikakuta hori zimelambwa, zinang'aa. Mangaribi huyu wa kwanza akaanza kujigaragaza."

"Muongo!" Anastase aliita kutoka mlangoni. "Inspekta, usidanganywe. Anasema aliwapa kidogo, daktari anasema walikula mingi. Basi angalia gunia! Liko limejaa. Tulilifungua wiki iliyopita, na liko vile vile. Mahindi ya kuwashibisha wane ilitoka wapi? Huyu alileta yake, yenye dawa."

Hiyo ndiyo hoja iliyokuwa imemfunga Chance kamba, na Namegabe aliona kuwa haikuwa hoja ya kijinga. Aliingia stoo. Gunia la mahindi lilisimama pembeni, limejaa karibu na mdomo, limefungwa kitambaa. Alilifungua. Mahindi ya njano, makavu, yakang'aa kwenye mwanga wa mlango. Alichota kiganja, akayatazama, kisha akauzamisha mkono wote ndani ya gunia mpaka begani, akafumba ngumi kule chini, akauvuta.

Alipofumbua, kiganjani mlikuwa na mahindi meupe.

"Daktari," aliita, "lete lile beseni."

Mahindi ya tumboni mwa farasi yalikuwa meupe yote. Hapakuwa na punje hata moja ya njano.

Alimwaga gunia sakafuni. Lilitoka kwanza lile tabaka la njano, nene, zaidi ya nusu. Kisha likaja jeupe la chini. Rangi mbili zilikaa sakafuni bila kuchanganyika sana, kana kwamba mtu alimwaga moja juu ya nyingine kwa haraka.

"Muzee, haya mahindi uliyatoa wapi?"

"Masisi. Kwa watu wangu. Ni meupe. Sisi hatulimi ile ya njano."

"Basi sikia. Farasi walikula mahindi yako, yale meupe. Mutu aliwajazia hori wakati Chance yuko kanisani na wewe...?"

"Kwenye ndoa, mujini."

"...wakati wewe uko kwenye ndoa. Kisha huyo mutu akaona gunia limeshuka. Akalijaza tena na mahindi mengine, ili lionekane halikuguswa. Mwenye kutia sumu hana haja ya kujaza gunia."

Anastase aligusa mahindi ya njano kwa ncha ya fimbo.

"Mahindi ya njano," Namegabe aliendelea, "tangu volkano mutu anaipata wapi?"

Daktari ndiye aliyejibu. "Wanawagawia waliounguliwa nyumba. Kule kambi ya wakimbizi."

"Na wewe, Muzee? Nyumba yako ya mtaa wa Mapendo iliungua."

"Mimi nisimame mustari na bakuli?" Anastase alifoka. "Sikuomba kitu kwa mutu!"

"Na Chance?"

"Mimi ni wa Sake," Chance alisema kutoka nje. "Volkano haikufika kwetu. Sina karata ya kugawiwa."

Namegabe alijua kuwa mahindi ya msaada yaliuzwa pia sokoni, na kwamba rangi peke yake haikutosha kumkamata mtu. Alitoka uani akaagiza maji ya kunawa, maana mikono yake ilinuka uchachu wa tumbo la farasi.

Maji yaliletwa na mpishi wa nyumba, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa kichwani. Alibeba ndoo na sabuni, akapita kandokando ya banda. Farasi wa nne, yule aliyebaki, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya mlango. Mchana kutwa alikuwa ameinamisha kichwa, hakumjali Inspekta wala daktari. Alipopita mpishi, masikio yake yalisimama. Alinyoosha shingo yote, akaingiza pua kwenye nguo za yule mama, akapumua kwa nguvu.

Mama alirudi nyuma upesi, maji yakamwagika.

"Unawajua farasi, mama?" Namegabe aliuliza.

"Nawaogopa, Papa."

"Anaogopa hata kuku," Anastase alisema. "Huyo ni Cibalonza, wa jikoni. Muache afanye kazi."

Namegabe alinawa taratibu. Cibalonza alimmwagia maji bila kuinua macho.

"Cibalonza. Jina la Bukavu. Hata mimi natoka upande ule. Na hapa Goma ulikuwa unakaa wapi mbele ya volkano?"

"Mapendo."

"Nyumba iliungua?"

"Yote."

"Na bwana yako?"

Mama aliinamia ndoo. Anastase ndiye aliyejibu, na alijibu haraka mno. "Julien. Alikuwa mutunza farasi wangu, mbele ya huyu kijana. Siku ya volkano alirudi ndani ya nyumba yangu kuiba, moto ukamukuta. Na mimi, kwa huruma, nikamuweka bibi yake jikoni. Sasa hii inaingia wapi?"

Namegabe alichukua taulo. Mke wa mtunza farasi, na eti anaogopa farasi. Mke wa mtunza farasi, mwenye kadi ya mgao, aliyeleta chai sebuleni daktari akieleza namna farasi anavyouawa kwa mahindi, na aliyebaki peke yake nyumbani Jumapili asubuhi. Hakuyasema hayo. Alimgeukia mama, akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika na wote.

"Mama Cibalonza, jua likishuka Chance atauawa. Sitaweza kuwazuia. Uliliongezea gunia kwa nini?"

Cibalonza aliiweka ndoo chini.

"Ili Chance asigombezwe," alisema. "Nilijua Muzee ataangalia gunia, atasema kijana ametupa chakula. Sikujua kama atamufunga kwa sababu limejaa."

Fimbo ya Anastase ilikwenda juu. Namegabe aliikamata ikiwa hewani, na wanaume wawili wakavutana mpaka mzee akaiachia.

"Tangu asubuhi umeona amefungwa," Namegabe alimwambia mama. "Mbona ukanyamaza?"

"Nilingoja nipate nafasi ya kumumaliza huyu wa nne kwanza." Alimwonyesha farasi kwa kidevu. "Nilitaka hasa huyu. Jana niliwapa wote beseni mbili mbili. Nilivaa koti ya Julien ili wasishituke. Wale watatu wakala. Huyu hakula. Alikazana tu kunusa koti, kunusa koti, nikasukuma kichwa chake ndani ya hori, anakitoa, ananusa. Hata nikampiga. Mwisho nikatoa mahindi yake ndani ya hori."

"Kwa nini huyu?"

"Sababu huyu ndiye alimumaliza bwana yangu. Huyu na mwenye farasi."

"Funga kinywa!" Anastase alipiga kelele. "Théogène, fungua ule kijana. Chukua huyu mwanamuke, umupeleke mawe yale!"

Luteni alisimama. Alichomoa kisu, akainama, akakata kamba za Chance. Kisha alibaki pale pale.

"Sema, mama," alisema Namegabe.

"Moto ulikuwa unakuja kwa nyuma, unakula nyumba za watu. Julien ametoa farasi watatu. Wa nne anagoma. Nikamwambia Julien tuende, tuna miguu. Muzee akasema bila huyu wa nne usitoke. Julien akarudi. Akamutoa, akamuchapa, farasi akapita mulangoni. Lakini farasi akishikwa na woga anataka kurudi bandani mwake, hata kama bandani kunawaka. Akageuka kurudi. Muzee akafunga mulango wa bati, akatia kufuli, ili farasi asiingie." "Julien alikuwa ndani. Ukuta ule ni murefu, juu yake kuna vipande vya chupa. Alipiga lile bati. Nikamuvuta Muzee shati, nikamwambia fungua, mutu yuko ndani. Akasema nikifungua, farasi anarudi. Akapanda gari. Kisha ndiyo huyu anasema kote mujini kama Julien alikuwa mwizi. Hata padri alinihoji kama ni kweli bwana yangu aliiba. Nimemupikia huyu muzee tangu siku ile. Kila siku nikimupelekea sahani nilikuwa nangoja kitu ambacho kitamuuma. Watoto wake wako Ulaya. Ng'ombe wameisha. Ilibaki farasi."

"Uongo wa mpishi!" Anastase alihema. "Nani alikuwepo? Nani aliona?"

"Luteni alikuwa kwenye volanti, anaendesha lile gari," Cibalonza alisema.

Wote waligeuka. Théogène alikuwa bado na kisu mkononi. Alikirudisha alani, akahangaika kidogo kukipata mahali pake.

"Luteni," Namegabe aliuliza, "Julien alikuwa anaiba?"

"Mutoto wa ndugu yangu," Anastase alisema kwa sauti iliyobadilika, "hii ni mambo ya ndani ya nyumba."

Théogène alimtazama Chance, aliyekuwa akijisugua viwiko kando ya tangi bila nguvu ya kusimama.

"Baba mukubwa, leo ningeua mutu kwa neno lako," alisema. "Ningemupiga risasi, na gunia lilikuwa na rangi mbili." Kisha akamgeukia Inspekta. "Andika kama nilikuwepo. Lile bati nilisikia likipigwa. Mota ya gari ilikuwa inaunguruma, nami nilisikia. Baba mukubwa ndiye alikuwa na ufunguo."

Namegabe aliandika. Alipomaliza sentensi ile, Anastase alikuwa ameketi juu ya kizingiti cha banda, mikono juu ya magoti, ametulia kama mtu anayepatana bei.

"Inspekta," alisema, "tusifike mbali. Farasi ni wangu. Nimesamehe. Naondoa malalamiko yangu. Huyu mama aende kwao Bukavu, kijana aende Sake, kila mutu aende kwake. Hakuna mulalamikaji, hakuna kesi. Wewe unajua sheria."

Alisema kweli. Namegabe aliiangalia karatasi yake. Kama ilivyokuwa imeandikwa, ilikuwa mashtaka ya farasi, na mwenye farasi alikuwa ameyaondoa. Cibalonza angeweza kuvuka lile geti jioni ile, akapanda mashua ya Bukavu, akasahauliwa.

"Mama, umesikia," alimwambia. "Ukinyamaza, uko huru. Ukisema zaidi, nitakupeleka wewe pia, kwa ajili ya wale watatu na kwa ajili ya huyu kijana uliyemuacha kwenye kamba. Utalala ndani. Sijui kwa muda gani."

Cibalonza alimwendea Chance. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakilowesha kwenye tangi, akamfunga nacho mkono uliokuwa ukitoka damu.

"Unisamehe, mutoto wangu," alisema.

Chance aligeuza uso.

Mama akakubali hilo pia. Alirudi kwa Inspekta, kichwa wazi.

"Yeye amesamehe. Mimi sijasamehe. Geuza karatasi, uandike upya. Mulalamikaji ni Cibalonza, mujane wa Julien. Julien hakuwa mwizi. Aliuawa mbele ya macho yangu, na mwenye kumuua ndiye huyu. Na mimi niliua farasi watatu, kwa kusudi. Andika yote mbili."

Namegabe aligeuza karatasi, akaandika akiwa amesimama, kiti cha pikipiki kikiwa meza yake. Daktari Henri alitia sahihi kuhusu yale aliyoyatoa tumboni. Théogène alitia sahihi chini yake, jina lote na cheo.

"Hamuna gari la kunipeleka," Anastase alisema. Alikuwa amesimama tena. "Pikipiki ile haibebi watu watatu. Nitakuja kesho na wakili wangu. Na wewe Théogène, nitakwenda kumwona komanda wako."

"Utamuona leo," Théogène alisema. "Ofisi ya mwendesha mashtaka iko karibu naye."

Alikwenda kwenye lori, akawasha mota. Anastase aliokota fimbo yake, akajikung'uta suruali, akaelekea mlango wa mbele wa lori kama alivyozoea. Alipokifikia kitasa, Luteni aliinama kutoka kwenye usukani akaufunga mlango kwa ndani.

"Hapana, baba mukubwa. Nyuma. Hapa anakaa Mama Cibalonza."

Mzee alisimama barabarani, mkono kwenye kitasa, majirani wakiwa wameshatoka kutazama. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe alizunguka, akatupa fimbo ndani, akapandisha mguu kwenye gurudumu, ukateleza, akapandisha tena. Namegabe alingoja mpaka alipoketi juu ya magunia matupu, ndipo akaipiga teke pikipiki yake, akawafuata kwenda mjini.